Gitaa Lako Lililopakwa Vanishi

Karakana ya Samani,
Keko Machungwa, Temeke,
Dar es Salaam.

9 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Benjamin,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ipokee kwa niaba ya wote wa hapa nyumbani Mtoni, maana wamenizunguka mezani na kila mmoja anataka jina lake litangulie. U hali gani, kaka? Goti linasemaje? Shemeji Editha aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa awamu, kama barabara inavyojengwa. Nilicheka, halafu nikaona haya, kwa sababu na mimi mgongo umeanza kunidai. Vipi baridi ya huko, imeshaanza kubisha? Na kijana wako Ferdinand, amepata ile kazi aliyokuwa anaihangaikia?

Sisi hatujambo. Shemeji yako Skolastika presha yake imetulia tangu aache chumvi, ingawa anaipunguza kwenye chakula chake na kuiongeza kwenye changu. Binti yetu anaolewa mwakani, Mungu akipenda. Kazi ipo. Watu wa Madale na Mbweni wanajenga kila siku, na mtu akijenga lazima atafute kitanda na kabati, basi njia yao inapita Keko.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo na kila wiki tunatumiana picha. Kuna sababu, nitaifikia. Anayekuletea barua hii ni Hasnain, mtoto wa mzee Haiderali mwenye duka la gundi, bawaba na misumari hapa mkabala na karakana yangu. Anakuja huko Toronto kumwona dada yake Fizza aliyejifungua. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mlangoni. Pamoja na barua kuna flashi na bahasha ndogo. Tafadhali usiifungue bahasha ndogo kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe, umeshaanza kuipapasa.

Nianze na la furaha. Unakumbuka ulivyokuwa unanifukuza chumbani kwa sababu nilibisha nani mpiga solo bora? Basi mwenzako sijakua. Kila Jumapili saa kumi alasiri, karakana ikiwa imefagiliwa, tunakutana watu watano tunaojiita Kijiwe cha Gitaa. Kila Jumapili ni zamu ya mtu mmoja. Mwenye zamu analeta wimbo mmoja tu, ule ambao gitaa lake limemkaa rohoni, anakaa kwenye kiti cha mninga nilichokitengeneza mwenyewe, na sisi wengine tunasikiliza bila kufungua mdomo mpaka gitaa linyamaze. Baada ya hapo ni ruksa kugombana. Zamu zimeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa kabati ambalo mteja wake alitokomea.

Tuna sheria moja ngumu. Mwenye zamu asipotokea, kiti chake kinawekwa katikati na sisi tunakaa kimya tukikitazama kwa muda uleule ambao wimbo wake ungechukua. Ilianzia kwa mzee Kamugisha, mstaafu wa bandari, aliyetuma ujumbe kwamba anaumwa tumbo kumbe yupo kwenye mpira. Tulikaa dakika sita kamili tukikitazama kiti chake. Alipopata habari aliona aibu kiasi kwamba hajakosa tena hata siku moja. Anasema afadhali tungemtukana.

Mzee Haiderali yeye ni mtu wa magitaa ya Kizungu yanayonguruma. Ana sahani ya santuri aliyoinunua kwa baharia mwaka sabini na tatu, ya vijana wenye nywele ndefu wakipiga mbele ya umati. Humo kuna mahali mpiga solo anashika uzi mmoja, anauvuta, anauvuta mpaka unasema sasa utakatika, kisha anauachia taratibu. Akifika hapo mzee hufumba macho na kuinua kidole, na ole wako ukohoe. Zamani nilikuwa nasema zile ni kelele. Siku hizi sisemi, ingawa yeye sijamwambia.

Mauwa ni fundi makochi, banda la tatu kutoka kwangu. Ni mtu wa kwetu kusini, wa Newala. Yeye anataka gitaa kavu tu, mtu mmoja na nyuzi zake, pasiwe na umeme wala ngoma. Baba yake alikuwa akipiga kwenye sherehe za mavuno, akamfundisha binti yake kupiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Ana sikio mama huyu! Anasikia msumeno umekuwa butu kabla mwenye msumeno hajajua. Wa tano ni Mudathir, fundi redio, anayetuhamishia kaseti zetu kwenye flashi na kupenda kila kitu tunachopenda, ndiyo maana hagombani na mtu.

Zamu yangu ya mwezi wa nne niliwapelekea ile kaseti yetu.

Ndiyo hiyohiyo. Dansi la mchana, mwaka themanini na sita, pale ukumbini Temeke, bendi yako ya Ndanda Sauti ya Kusini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimebeba redio kaseti ya baba kichwani ili inase sauti juu ya vichwa vya watu, shingo inakufa ganzi. Umeme ukakatika katikati ya chemko, pale wimbo ulipopamba moto. Kwenye kaseti inasikika kabisa: besi inakufa, solo lako linakufa, watu wanaguna, mmoja anapiga kelele arudishiwe kiingilio. Redio yangu ilikuwa ya betri, ikaendelea kuzunguka. Halafu kimya. Halafu gitaa kavu. Umeuendeleza wimbo palepale ulipokatikia, peke yako, bila maikrofoni, na watu wanakushikia mapigo kwa makofi, mwanzo wachache, mwisho ukumbi mzima. Dakika saba, kaka. Karibu na mwisho kidole kikateleza, ukakosea, ukacheka, ukarudia. Kicheko hicho nimekisikiliza miaka yote hii ambayo hukuwepo.

Ilipokwisha, hakuna aliyegombana. Mzee Haiderali alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mudathir, rudisha nyuma. Hapo anapocheka." Tuliirudia mara tatu. Nilijisikia fahari kama aliyepiga ni mimi. Ndipo Mauwa akaniuliza gitaa lenyewe liko wapi, na mimi kwa maringo nikamjibu liko kwangu, juu ya kabati, nitawaletea mlione.

Sasa nafika kwenye sababu ya karatasi. Kaa vizuri.

Ulipoondoka mwaka tisini na nne uliniachia gitaa hilo na neno moja, kwamba nisilitie mkono. Nilikutii vizuri mno. Miaka thelathini sikulitia mkono hata kulifuta vumbi. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa kama ulivyosikia, dari likavuja pale juu ya kabati, na mimi sina habari. Siku ile nilipolishusha, maji yalimwagika kupitia kwenye tundu lake. Uso wote ulikuwa umevimba na kubanduka gundi, na umepasuka kutoka tunduni mpaka pale nyuzi zinapofungwa. Nililia, kaka. Skolastika alitoka jikoni mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Mwezi wa tano ukapiga wewe. Ukaniambia unafikiria kuja Krismasi lakini moyo haujaamua. Ukasema mama hayupo tena, nyumba ya Ndanda imeanguka, wenzako wa bendi wamekwisha mmojammoja, na kwamba kitu pekee unachoweza kukiita chako huku ni gitaa. Ukauliza, "Lipo?" Nikakujibu lipo, salama kabisa.

Nilikudanganya. Wakati nasema vile lilikuwa limelala mezani kwangu halina uso. Niliogopa kwamba nikisema kweli hutakuja, na mimi sina ndugu mwingine mkubwa. Sisi ni watoto wa mama wawili lakini chakula tulikula sahani moja, unalijua hilo. Basi ndiyo hivyo. Uongo niliusema kwa simu, na sikutaka kuja kuufuta kwa simu ileile ukasikia sauti yangu inavyotetemeka.

Nikajiambia, mimi ni fundi wa miaka ishirini na tisa, nitalitengeneza asijue. Nilichukua mninga mkavu kuliko wote karakanani, ule niliouweka kwa ajili ya meza ya binti yangu. Nikauranda, nikaukata kwa unene wa mlango wa kabati. Nikaubandika kwa gundi, na kwa kuwa siiamini gundi peke yake, nikaongeza vipande vya kushikilia kila kona kwa ndani. Kisha vanishi. Nilitaka kupiga mikono miwili, yaani kuipaka mara mbili, mzee Haiderali akanishauri minne, tena ile ghali ya dukani kwake. Mikono minne, na msasa laini kati ya mkono na mkono! Ungeweza kunyolea ndevu humo badala ya kioo.

Jumapili niliyolipeleka kijiweni wote walisimama. Mudathir alilipiga picha. Kamugisha aliuliza kama naweza kumtengenezea na yeye. Mauwa akalipakata, akaligusa uzi mmoja. Lilitoa sauti ya mtu anayebisha hodi. Akagusa nyuzi zote sita. Hodi, hodi, hodi.

"Gregori," akasema polepole, "kaka'angu, umetengeneza kabati."

"Tena kabati zuri, bana," akasema mzee Haiderali, na alikuwa anataka kunifariji.

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia Mauwa yeye ni mtu wa makochi, aende akashone makochi. Siku nane hatukusalimiana, na Keko ukinuniana na mtu wa banda la tatu ni kazi, maana maji ya kunywa mnachota pamoja. Mwisho akaja mwenyewe, akakaa juu ya benchi langu bila kukaribishwa.

"Nyie mafundi samani mmefundishwa kitu kisitikisike," akaniambia. "Meza ikitikisika mteja anakurudishia. Sawa. Sasa gitaa ndo kazi yake hiyo, kutikisika. Wewe umelishika, umelifunga, umelipaka mafuta mpaka limeziba pumzi. Litaimbaje?"

Kaka, miaka ishirini na tisa sijawahi kuambiwa neno kuhusu mbao ambalo sikulijua, na nikaambiwa na mtu wa sponji na kitambaa.

Tulivua ule uso wa mninga siku hiyohiyo. Tatizo likawa mbao ya kuweka badala yake. Mauwa alipita karakana zote za barabara hii akigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti. Mninga hapana, mkongo hapana, paini ya msituni kwetu hapana. Watu wakaanza kumuuliza kama amepoteza kitu.

Aliyetuokoa ni mzee Haiderali, na nadhani ni kwa sababu ya ile mikono minne iliyokuwa inamsumbua. Kwenye stoo yake kuna mzoga wa piano aliyoinunua mnadani zamani akitegemea kuuza chuma chake. Mkewe, mama Nurbanu, huitumia kama rafu ya mitungi ya achari. Mauwa aliingia mle ndani, akapitisha mkono nyuma ya piano, akagonga mara moja tu. Hata mimi nilisikia. Ile mbao ilijibu, na ikaendelea kujibu kidole kikiwa kimeshaondoka. Mama Nurbanu alitazama mitungi yake, akatutazama sisi, akasema tuichukue, ila nimtengenezee rafu ya kweli. Nimeshamtengenezea. Hiyo nayo haitikisiki.

Kilichobaki kilinishinda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Ilibidi niirande iwe nyembamba, na kila nilipofika pale ambapo dhamiri ya fundi inasema basi, Mauwa anaigonga na kusema bado. Naranda. Bado. Naranda tena, jasho linanitoka, nikiona mwanga unakaribia kupenya. Bado. Mikono yangu, kaka, inajua kufanya vitu vya kudumu, na pale nilikuwa nafanya kitu ambacho ukikiegemea kwa kiwiko kinavunjika. Aliposema "Hapo hapo, acha," nilikaa chini sakafuni kwenye takataka za randa. Ubao ulikuwa mwepesi kama mkate wa kumimina uliokauka. Hatukupaka vanishi hata tone. Nimelipaka nta kidogo kwa kitambaa, basi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane tulilitia nyuzi. Sitakudanganya mara ya pili. Sauti si ileile. Ya zamani ilikuwa nzito zaidi upande wa chini, hii ni nyembamba kidogo na inakimbia. Lakini inaimba! Mauwa alipoligusa, mafundi wa mabanda ya jirani walitoka nje, na mzee Haiderali akainua kidole chake kama anavyofanya kwenye santuri yake. Mgongo wa gitaa ni uleule, shingo ni ileile, vifungo vya nyuzi ni vilevile ulivyovipaka rangi nyekundu. Uso ndio mgeni. Ulitoka kwenye chombo kingine kilichokuwa kimenyamaza miaka mingi kuliko chako.

Sasa fungua bahasha ndogo. Hicho ni kipande cha uso wa zamani, pale chini ya tundu ambapo kucha zako zilikuwa zimekwangua mbao. Nilipovunja vingine vilivyooza, hicho nilishindwa kukitupa. Kimekauka vizuri. Kishike. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa umekishika hicho, nitaridhika.

Kwenye flashi Mudathir amekuwekea nyimbo tano, za watu watano wa kijiwe, kila mmoja na gitaa lake analolipenda. Sikiliza ya mzee Haiderali hata kama unaona kelele, subiri afike pale kwenye uzi mmoja. Ya sita ni kaseti yetu ya themanini na sita. Ya saba ni gitaa lako jipya la zamani, Mauwa ameupiga wimbo wako uleule. Utagundua kwamba anasimama ghafla katikati ya chemko, palepale umeme ulipokatika. Tulidhani amesahau. Nikamwambia endelea, kaseti ameisikiliza mara mia, anaijua. Akaliweka gitaa chini.

"Hapana," akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Kwenye simu ulisema pia vidole vimekuwa vizito. Vyangu je? Kamugisha anatetemeka mkono wa kushoto na bado anagombana kuliko wote. Siku ile kidole chako kiliteleza ukiwa na miaka ishirini na minane, na ndipo hapo tunaporudisha nyuma tusikie tena. Uje na vidole vyako hivyohivyo. Nyumba ya Ndanda imeanguka, kweli, lakini Mtoni chumba kipo, dari limeshazibwa, na nimepanda juu mwenyewe kuhakikisha. Shemeji Editha naye asiachwe. Skolastika ameshaanza kumwekea korosho, na mimi nakatazwa kuzigusa.

Nisalimie shemeji sana, na kijana Ferdinand, mwambie baba yake mdogo anamtafutia mchumba asipojitafutia mwenyewe. Skolastika anawasalimu. Kamugisha, Mudathir na mama Nurbanu wanasalimu, na mzee Haiderali anasema mjukuu wake aliyezaliwa huko ukamwone na umwimbie. Mauwa hakutuma salamu. Alichukua chaki, akaenda kwenye mlango wa kabati, akaandika Benjamin, Jumapili tarehe 29 Desemba. Nilimwambia hujaamua kuja. Akaniambia sheria ni sheria.

Mungu akulindie hilo goti, akupe usingizi mzuri, na akupe moyo wa kunisamehe kabla hujafika, maana ukifika nitakuwa na kazi ya kukupokea mizigo. Kiti kipo, gitaa nitalilaza juu yake mwenyewe. Lakini wewe ndiye unayejua wimbo wako ni dakika ngapi, kaka. Tafadhali, usitukalishe kimya dakika saba.

Wako akupendaye na aliyekukosea,

Gregori